Kotabeki Mwenye Shikamoo

Mwamuzi alikuwa ameshatazama saa yake mara mbili, na Gosbert alikuwa bado anasalimia.

"Shikamoo, kaka Fabien."

"Marahaba, petit, mdogo wangu, marahaba sana. Mama iko salama kule Bukoba?"

"Yuko salama, kaka. Anakusalimia."

"Ah, mama wa watu! Mwambie na mimi namusalimia. Ile goti yake ilipona?"

Mildred alikuwa amekaa kwenye nyasi, karibu kabisa na mstari, beseni la machungwa yaliyomenywa liko mapajani, na alisikia kila neno. Wanaume wazima wameinamiana kwenye duara, helmeti kwa helmeti, jasho linawachuruzika. Timu ya pili, wapinzani wao, imeshajipanga, imekunja ngumi, inangoja. Na katikati ya vita hiyo mtoto wa mama yake anatoa habari za goti. Alitamani ardhi ipasuke. Siyo immeze yeye, immeze Fabien.

Firimbi ikalia. Kuchelewesha mchezo. Timu ya Gosbert ikarudishwa nyuma kwa mara nyingine tena mchana ule, na Kocha Yaaseen akavua kofia yake akaipiga chini, akaikanyaga, akaiokota, akaivaa na vumbi lake.

Mpira wenyewe ulikuwa ule wa Kimarekani, wa kubeba mikononi, wenye umbo la papai dogo. Durban watu wana raga yao, wana soka yao, wana kriketi yao. Huu mpira wa papai aliuleta chuoni Yaaseen, mzaliwa wa hapo hapo, aliyekwenda kusoma ng'ambo akarudi na magunia ya helmeti kuukuu na ugonjwa wa kuupenda. Wanafunzi wenyeji hawakumjali. Waliomjia ni wageni: Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania wachache, wengi wao watu wazima wanaosomea shahada za juu, wenye wake na vitambi. Gosbert, mwaka wa pili, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Na huyo mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa kazi ya kotabeki, yaani yule anayeshika mpira kwanza, anayemwambia kila mtu aende wapi, kisha anaurusha.

Mkono alikuwa nao. Hilo hakuna aliyebisha. Likizo yake ya kwanza alifanya kibarua kwenye soko la jumla kule Clairwood, kazi ya kurusha mapapai kutoka chini mpaka kwa mtu aliyesimama juu ya lori, na papai lake halikuwahi kupasuka hata moja. Yaaseen alikuwa amekwenda pale kununua ndizi. Alimwona kijana anarusha, akasimama kama mtu aliyeona malaika, na ndizi akazisahau.

Shida haikuwa mkono. Shida ilikuwa mdomo.

Mechi ilipokwisha, wamefungwa vibaya, Yaaseen aliwaita Gosbert na dada yake pembeni, nyuma ya goli. Kiswahili chake kilikuwa cha kurithi kwa bibi, alikitoa taratibu kama mtu anayehesabu mayai.

"Sister, mimi napenda heshima. Bibi yangu alinifundisha heshima kwa fimbo. Lakini saa haina heshima. Saa inakwenda tu." Akamgeukia Gosbert. "Saturday ijayo, nusu ya kwanza ni yako. Timu ikitembea, nafasi ni yako. Isipotembea, Hardy anaingia, na Hardy anabaki mpaka msimu uishe. Sharp, sawa?"

"Ndiyo, kocha. Asante, kocha. Samahani, kocha."

"Eish," alisema Yaaseen, akaondoka huku anajikuna kisogo.

Hardy, kotabeki wa akiba, alikuwa amekaa kwenye benchi, anatafuna machungwa ya Mildred na kutema kokwa mbali, moja baada ya nyingine. Hakuwa na mkono wa Gosbert, ila alikuwa na domo la kuamsha mtaa.

Walikuwa wanakaa Queensburgh, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu. Mildred alikuwa anashona sare za shule kwenye kiwanda kimoja Pinetown. Ndiye aliyetangulia kuja, ndiye aliyemvuta mdogo wake, na ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Jioni ile aliweka ugali mezani kwa kishindo.

"Hebu nieleze, Gosbert. Fabien umemwamkia kituoni. Umemwamkia mkishuka. Uwanjani unamwamkia tena ya nini?"

"Dada, nikiingia tu kwenye duara niseme 'Fabien, kaa kushoto', hivi hivi kavu, nitaonekanaje? Lazima nianzie mahali."

"Anzia kushoto!"

"Yule ni mzee wa kanisa. Ana watoto watatu. Siku tunahamia hapa, hilo friji lilibebwa na mgongo wa nani?"

Mildred akaligeukia friji.

"Haya, na Peguy?"

"Peguy anamalizia udaktari wake, dada. Mtu wa vitabu vile, mimi nimwambie 'kimbia'?"

"Si ndiyo kazi aliyoijia? Amekuja kukimbia! Angetaka kusoma angebaki maktaba!"

"Hardy anawaambia," alisema Gosbert polepole, anaviringisha tonge. "Mazoezini anawaambia, 'We mzee, pita huko.' Hana adabu kabisa." Alilisema kwa masikitiko ya kweli, kama anayemsema mgonjwa.

Mildred alimtazama, na hasira zikachanganyika na kitu kingine. Huyu mtoto alikuwa mtu wa kupisha tangu anazaliwa. Bombani alikuwa anapisha wenye ndoo mpaka maji yanakatika. Shuleni mwenzake akitaka dawati lake, alihama. Hapa Durban alikuwa anasimama kwenye foleni ya teksi na kumpisha huyu mwenye mtoto, na huyu mwenye mzigo, na huyu ambaye hana chochote ila haraka zake, mpaka anafika darasani wenzake wanatoka. Mildred hakuwahi kumsikia akisema kitu ni chake. Mpaka mwezi uliopita, aliporudi na jezi, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda, akakaa akiiangalia, kisha akasema, "Dada, hii nafasi naitaka."

Naitaka. Mildred alikuwa anaosha vyombo, akaiacha sahani mle mle kwenye maji. Ndiyo maana kila Jumamosi alikuwa anamenya machungwa.

Jumapili alimsubiri Fabien nje ya kanisa lao, ukumbi wa kukodi karibu na South Beach, katikati ya magorofa. Fabien alitoka mwisho, mtu wa mwili, suti ya rangi ya zambarau, kiatu kimechongoka kama mdomo wa ndege.

"Dada Mildred! Bwana asifiwe! Petit alicheza muzuri jana."

"Hakucheza, kaka. Alisalimia."

Fabien akacheka mpaka tai ikaruka.

"Usicheke, kaka. Jumamosi ijayo wanampa Hardy nafasi. Nimekuja kukuomba. Mkiwa nje akuamkie hata mara kumi. Mkiwa ndani akuamrishe."

"Aniamrishe? Mimi?"

"Wewe."

Kicheko kikaisha. Fabien akanyoosha koti lake, akaangalia magari yanayosimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale mbele.

"Sikiliza, dada. Kwetu Bukavu hakuna hii shikamoo. Kijana anakupita, 'jambo', voilà, amekwenda zake. Mie nimefika huku, nimelinda magari ya batu kwa parking, batoto badogo banatupia mimi funguo kama banatupia mbwa mufupa. Sasa nasoma, lakini chuoni pia nani ananijua? Donc, huyu petit siku ya kwanza ameniona, ameinamisha kichwa. Mbele ya batu bote. Shikamoo, kaka. Mie nimerudi nyumbani nimemuambia mke wangu." Akagusa kifua. "Unataka nimukatalie?"

Mildred alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima kutoka Queensburgh. Utamgombezaje mtu kama huyu? Na ukiacha kumgombeza, mdogo wako ndiye anayekwenda benchi. Alihisi kichwa kinaanza kumgonga.

"Hujakatazwa kuamkiwa, kaka. Ila akikwambia nenda kushoto, nenda kushoto."

"Nitasikia, dada. Hakuna shida kabisa."

Alilisema kama watu wanavyosema wakitaka mazungumzo yaishe.

Basi Mildred akashika upande aliouweza. Wiki nzima alimkalia Gosbert kooni. Shikamoo ni mara moja mkionana, siyo kila baada ya dakika mbili. Jumamosi wahi mapema, zunguka kwa kila mtu, maliza salamu zako zote kabla hamjavaa. Ukiingia kwenye duara huna deni na mtu. Gosbert akakubali. Na kweli, Jumamosi aliwahi. Akamwamkia kila mmoja, kwa zamu, kwa ukamilifu. Ila kila mmoja akaulizia mama, na goti, na mitihani, na mvua za Bukoba, na wenzao walipotoka kwenda kupasha misuli moto, kotabeki alikuwa bado anaeleza mvua.

"Mungu wangu," alisema Mildred. Jirani yake kwenye nyasi, mke wa Fabien, aliyekuja na wanawe watatu na blanketi, akamsogezea kikombe cha chai bila kuuliza.

Mechi ikaanza. Kwa kusema haki, shikamoo haikuwepo. Mildred alitega sikio akaanza kupata matumaini. Kisha akasikia:

"Kaka Fabien, samahani. Kama hutajali, ungesogea kushoto kidogo."

"Kushoto iko jua machoni, petit. Mie nabaki hapa."

"Sawa, kaka."

Sawa, kaka! Mpira ukaanzishwa, na kutoka kushoto, pale palipoachwa wazi kama mlango wa duka, likaja jitu la timu ya pili likamkumba Gosbert likamlaza chali. Gosbert akainuka, majani yamejaa kwenye helmeti, akamwambia lile jitu, "Samahani."

"Kotabeki wa maombi!" Hardy alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Umesahau kumwamkia huyo! Amkia! Ni mkubwa wako!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mildred akaubana ukingo wa beseni.

Mara ya pili, hivyo hivyo. "Kaka, lile jua halijapungua?" "Bado, petit." Jitu likaja. Mara ya tatu Gosbert alijitahidi kumgeukia Peguy, "Kaka Peguy, ukipata nafasi, ungekimbia mbele," na Peguy akaanza kumweleza, kwa utaratibu, kwa nini yeye anaonelea bora akimbilie pembeni. Firimbi. Wakarudishwa nyuma. Timu ya pili ikapata pointi zake, ikapata zingine, na nusu ya kwanza ikawa inakatika huku timu ya Yaaseen haijatembea hata umbali wa kutoka mlangoni mpaka chooni.

Yaaseen hakukanyaga kofia tena. Hilo ndilo lililomtisha Mildred. Mtu anayekutupia kofia bado ana neno na wewe. Aligeuka tu, akamfanyia Hardy ishara kwa kidole, na Hardy akaivaa helmeti yake akaanza kuruka ruka pale mstarini.

Gosbert aliona. Kutoka katikati ya uwanja aliona, na Mildred akaona mkono wake unapanda taratibu kwenye kidevu, unatafuta kifungo cha helmeti. Hakuna aliyemwambia atoke bado. Alikuwa anapisha.

Mildred hakukumbuka baadaye alivyosimama. Machungwa yalimwagika yote, watoto wa Fabien wakayarukia.

"Gosbert! Usifungue!"

Akageuka. Wote wakageuka.

"Usifungue hicho kitu! Mkaripie! Mkaripie Fabien!"

"Dada..."

"Dada hayupo! Nimekulea kwa adabu, sasa iweke chini hiyo adabu, utaiokota jioni! Mkaripie, nimekuruhusu mimi!"

Watoto walikuwa wanafyonza machungwa. Fabien alisimama mikono kiunoni, kinywa wazi ndani ya vyuma vya helmeti. Kisha mkewe, aliyekuwa amekaa na chupa yake ya chai, akainuka naye, akajifunga vizuri kitenge chake.

"Na mimi nimemuruhusu!" akapaza sauti. "Kabisa! Hata nyumbani hasikiaka!"

Watu walicheka mpaka mwamuzi akageuza uso. Lakini Gosbert hakucheka. Alitazama dada yake, akamtazama Hardy anayeruka ruka, akatazama jezi yake mwenyewe kifuani. Mkono ukashuka kutoka kwenye kidevu. Akaingia kwenye duara. Halafu ikatoka sauti ambayo Mildred hakuwahi kuisikia kinywani mwake. Ilikuwa sauti ya baba yao.

"Fabien! Kushoto! Jua litakula nyama yako? Nimesema kushoto! Peguy, kimbia mpaka mwisho wa uwanja, na usinieleze kitu! Wengine fungeni midomo. Twende!"

Wala kaka. Wala samahani. Fabien akaenda kushoto. Alikwenda kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi, ila alikwenda. Mpira ukaanzishwa, jitu likaja kwa njia yake ya kawaida, likakuta mlango umefungwa. Mgongo uliobeba friji ndio uliosimama pale. Kishindo chake kilifika mpaka kwenye blanketi.

Gosbert akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Akarudisha mkono nyuma, akaurusha mpira kama anavyorusha papai kwa mtu aliye juu ya lori, juu, kwa upole, na Peguy huko mwisho alikuwa anakimbia na vitabu vyake vyote kichwani, akanyoosha mikono, ukamwangukia.

Pointi! Yaaseen aliruka, akaanguka, akainuka. Timu nzima ikamkimbilia Peguy.

Gosbert akakimbilia upande wa pili. Akafika mbele ya Fabien, akainamisha kichwa.

"Kaka Fabien, naomba unisamehe. Maneno yale hayakutoka moyoni. Mimi ni mdogo wako..."

"Hapana," alisema Mildred, akajifunika uso kwa beseni. "Hapana, hapana, hapana." Maana mpira wa nyongeza, ule unaopigwa baada ya pointi, ulikuwa haujapigwa, na mwamuzi alikuwa anaitazama saa yake.

Fabien ndiye aliyemshika mabega, akamgeuza mzima mzima, akamsukuma.

"Petit, saa! Saa inaenda! Utaniomba musamaha jioni!"

Yaaseen akamwangalia Hardy, akatikisa kichwa. Hardy akavua helmeti, akaiweka chini, akaikalia.

Nusu ya pili Gosbert aliita watu kwa majina yao makavu mpaka sauti ikakwaruza. Walifungwa vilevile, maana shimo walilolichimba mwanzo lilikuwa refu, ila walifungwa kwa kidogo, na timu ilitembea. Wakati wanakusanya vitu, Fabien alipita karibu na Mildred, anachechemea.

"Dada, maneno yale hata mke wangu haniambiaka."

"Naanza leo," alisema mkewe, anakunja blanketi.

Jioni Queensburgh, Mildred alipika kwa moyo mweupe. Alitia nazi kwenye maharage, kitu anachokifanya sikukuu. Hakukumbuka lini alikuwa na furaha vile, na kichwa hakikugonga hata kidogo. Gosbert alikaa mezani, miguu ameinyoosha, jezi yenye majani bado iko mwilini, anachora uwanja kwa kidole juu ya meza. Akaonja maharage.

"Chumvi," alisema.

Mildred alikuwa na mwiko mkononi. Alidhani hakusikia vizuri.

"Nini?"

"Chumvi, Mildred! Upande wa kulia, kwenye kabati. Haraka, chakula kinapoa."

Hakuinua hata macho. Kidole kilikuwa kinampanga Peguy pembeni ya sahani. Mildred alisimama pale akimtazama, huyu aliyembeba mgongoni, huyu aliyemfundisha kuinamisha kichwa hata kwa wauza nyanya. Akavuta pumzi ndefu. Akaenda kabatini upande wa kulia, akaleta chumvi, akaiweka mbele yake taratibu, na kwa sauti ya chini, kali kama wembe, akasema,

"Shikamoo, kaka Gosbert."

Gosbert akanyunyiza chumvi, akakoroga, mdomo umejaa, macho yako kwenye mpira wa Jumamosi ijayo.

"Marahaba," alisema.